Upana wa Kidole Kimoja

Mishipi miwili ililala mezani, mmoja mkavu, mwingine bado unachuruzika maji ya ziwa, na Kemilembe aliitazama kama mama anavyowatazama watoto wawili waliopigana, akitaka kujua nani aliyeanza.

Lazima mmoja umekosea. Ndivyo alivyojiambia tangu asubuhi. Mitumbwi miwili haiwezi kugongana pua kwa pua, saa mbili ya asubuhi, kwenye maji mapana kiasi kile, ila mshipi mmoja uwe umemdanganya aliyeuvaa. Ziwa lote lile! Ungewaachia ng'ombe wa wilaya nzima waogelee humo, wasingegusana pembe.

"Bado, fundi?" aliuliza Asimwe kutoka kwenye benchi la mlangoni. Asimwe ndiye aliyekuwa akivusha maziwa ya kisiwa cha Rwazi kwenda bara. Sasa mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kifuani kwa bendeji, nesi amemwambia akalale, naye amekataa katakata.

"Bado."

"Mimi nilikuwa mstarini. Naapa. Haukunifinya hata mara moja."

Kemilembe alimwamini, lakini fundi haamini kwa masikio. Akauchomeka mshipi wa kwanza kwenye kisomeo.

Mishipi hiyo ililetwa mwaka ule injini zilipopigwa marufuku. Miji saba ilikuwa imeanza kunywa maji ya ziwa, na tone la mafuta likawa kosa la jinai. Watu wa Rwazi wakarudi kwenye makasia waliyokwisha kuyasahau, na kwa kuwa wameyasahau, Ofisi ya Mishipi ikawapa cha kuwakumbusha. Unaufunga kiunoni. Ukienda kombo kushoto, unakufinya ubavu wa kushoto, taratibu, kama mtoto anayetaka pipi. Ukienda kombo kulia, unakufinya kulia. Ukinyooka, unanyamaza. Ulikuwa ukizungumza na nyota za kutengenezwa zilizoko juu, na nguzo nane zilizosimikwa kwenye mawe ya visiwani, na kwa mazungumzo hayo ulijua mahali ulipo kwa upana wa kidole kimoja. Ofisi ilijivunia kidole hicho kuliko bibi harusi na pete yake.

Na msimu huu mshipi ulihitajika kweli, maana wadudu wa ziwa walikuwa wamepanda. Ni wadogo kuliko mbu, hawaumi, lakini hutoka majini kwa mamilioni na kusimama juu ya ziwa kama moshi wa tanuri la matofali. Ukiingia humo huoni ncha ya mtumbwi wako, na ukifungua mdomo umeshapata kifungua kinywa. Watu walijifunga khanga usoni, wakanyamaza, wakapiga kasia, mshipi ukiwaongoza.

Kisomeo kikachora mstari wa Asimwe. Nusu kidole nje ya njia. Kemilembe akachomeka mshipi wa pili, ule uliolowa. Huo ulikuwa wa Mzee Byabato, au Ta Byabato kwa heshima ya Rwazi, mchukuzi wa kasha la damu za vipimo vya zahanati. Ta Byabato ni baba yake mzazi.

Hata nusu kidole haikuwepo.

Hakuna aliyekosea. Hapo ndipo akili ilipomwingia, na ilimwingia vibaya. Wamegongana kwa sababu wote wawili walikuwa sahihi. Njia iliyo bora kati ya Rwazi na Kashenyi, kule bara, ni moja, na mishipi yote mia moja na arobaini iliijua hiyo hiyo, kwenda na kurudi. Tumewafundisha watu kutembea juu ya uzi mmoja, aliwaza, halafu tunashangaa wanakanyagana. Ajali ya tatu mwezi huu! Na mezani palikuwa na fomu ya Ofisi ya kujazwa kabla ya Ijumaa. Chanzo cha ajali: (a) hitilafu ya mshipi, (b) uzembe wa mpiga kasia. Hapakuwa na (c).

"Lakini kuna kitu, fundi," Asimwe alisema. "Usinielewe vibaya, ni mzee wako. Wadudu walikuwa wameshaanza kuachana. Nilimwona, nikanyanyua kasia, nikampungia. Akaja tu. Akanijia kana kwamba sipo."

"Labda jua lilikuwa machoni."

"Labda." Asimwe aliurekebisha mkono wake kwenye bendeji. "Watu wanasema siku hizi ana maringo. Mwaka wa pili huu hajamsalimia mtu majini."

Hilo halikuwa neno dogo. Rwazi ina desturi yake: mkikutana ziwani, mdogo humwendea mkubwa, akaugusa kwa mkono ubavu wa mtumbwi wake, ndipo akasalimia. Kupita na kupunga mkono tu ni utovu wa adabu, na kupita bila hata kupunga ni tusi. Vijana walikuwa wameanza kuipuuza, kwa kuwa kutoka mstarini kulileta mfinyo. Lakini mzee kuipuuza? Loo.

*

Asimwe alipoondoka, Kemilembe alifunga mlango na kuzifungua safari zote za baba yake, miaka miwili mizima, moja juu ya nyingine.

Ukizipanga hivyo safari za mtu yeyote wa Rwazi, unapata kitu kama mizizi ya mgomba, mingi, inaelekea upande mmoja, kila mmoja na kombo lake. Hapa alikwepa gugu maji. Hapa alimwona shemeji yake, akasogea wapeane habari, mshipi ukamfinya, akarudi. Siku moja ya mwezi wa tatu kiboko alilala mstarini asubuhi nzima, na mitumbwi thelathini na moja ikapinda kama upinde kumzunguka.

Safari za Ta Byabato zilikuwa mia sita na kitu, na zote zilikuwa uzi mmoja. Siku ya kiboko alipita pale pale alipolala kiboko. Mungu mwenyewe ndiye anayejua yule mnyama alizama dakika gani.

"Mtu anayeona hawezi kwenda hivi," Kemilembe alisema kwa sauti, akatoka kumtafuta baba yake.

Alimkuta nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda, anamenya ndizi za mchana. Kisu kilikwenda chenyewe, maganda yanaanguka mahali pamoja, na ndizi zinatumbukia kwenye sufuria ya maji bila kukosea. Miaka miwili amekuwa akimwona anamenya hivyo na kumsifu kwa wepesi wake. Akasimama hatua kumi, akabana pumzi, akainua mkono juu.

Mzee aliendelea kumenya.

"Ukisimama hivyo bila kusalimia, mwanangu," alisema baadaye, "watasema umerithi maringo yangu."

"Shikamoo, Tata."

"Marahaba."

"Tata, nimenyoosha vidole vingapi?"

Alicheka. "Fundi mzima unapima watu namna hiyo?" Kisha kicheko kikaisha, na kisu nacho kikasimama.

"Tangu lini?"

"La kushoto lilitangulia. La kulia likalifuata mwaka juzi, kabla ya Krismasi. Naona kwamba ni mchana. Zaidi ya hapo, hapana."

Kemilembe alikaa chini, juu ya maganda. Alimhurumia, na papo hapo alitaka kumpiga makofi. "Na Asimwe?"

"Asimwe sikumwona. Nilisikia mtu anavuta pumzi. Halafu nikasikia mbao."

"Ungepiga kelele tangu mbali!"

"Nani anayepiga kelele siku hizi, Kemi?"

Kweli, nani? Zamani, wadudu wakipanda, kila mtu alivuka akiita jina lake mpaka koo linakauka. Mishipi ilipokuja, kelele zikawa za walevi na waoga. Ukiita, umewatangazia watu kwamba hujui ulipo, na kwa mtu wa Rwazi ni afadhali azame akiwa kimya.

"Inabidi ushuke, Tata. Umtafutie mtu mwingine hilo kasha."

"Nikishuka, mimi ni nani? Tangu mama yako atutoke, pale majini ndipo mahali pekee ambapo sipapasi ukuta." Alichukua ndizi nyingine, akaigeuza geuza mkononi bila kuimenya. "Huu mshipi ndio macho yangu. Hao wengine, niambie, wanaufanyia nini upana wa kidole? Mtumbwi wenyewe unayumba shubiri mbili kila kasia linapoingia majini! Marehemu baba yangu alilenga Kilima cha Kashenyi, kilima kipana kuliko kisiwa hiki, na hakuna siku aliyokosa kufika. Maji mapana yanataka kilima. Mlango ndio unaotaka kidole."

Mlango ni mawe mawili yaliyosimama mbele ya mwalo wa Rwazi, yaani bandari yake ya mitumbwi, nafasi kati yake hatua sita, na hakuna njia nyingine ya kuingia.

"Ijumaa utaandika nini?" aliuliza mzee.

Kemilembe alichukua kisu mkononi mwake, akaanza kumenya zilizobaki.

*

Ijumaa aliandika "uchunguzi unaendelea." Kisha akatangaza kwamba mishipi yote iletwe kwa matengenezo.

Jambo lenyewe halikuwa gumu. Kila mshipi una mahali pa kuwekea ulegevu, yaani umbali unaoruhusiwa kwenda kombo kabla haujaanza kufinya, na mahali pa kuhamishia mstari. Alimpa kila mtu mstari wake. Mmoja alimsogeza hatua kumi na tano kulia kwa njia anayokwenda, mwingine thelathini, mwingine sitini, na kwa kuwa wote walisogezwa kulia, wanaokwenda na wanaorudi wakaachana kama barabara mbili. Karibu na Mlango aliagiza mishipi ibane tena, irudi kwenye kidole. Mstari wa katikati ukabaki mtupu, na akamwachia mtu mmoja tu.

Hakumwambia yeyote. Angesemaje? Wangeuliza kwa nini, na jibu la kwa nini lilikuwa limekaa kwenye kigoda linamenya ndizi. Ofisi ingejua, na kibali cha baba yake kingechukuliwa siku hiyo hiyo. Tena, alijiambia, nawadanganya kwa faida yao. Watu wengi wamejiambia hivyo kabla yake, na wengine wamelala usingizi mzuri. Yeye hakulala.

Siku tisa zikapita. Wadudu walipanda mara nne, na hakuna mtumbwi uliogusa mwingine. Watu walimsifu fundi wao kwa matengenezo. Mama mmoja alimletea kuku.

Siku ya kumi Ta Rutashobya akagonga jiwe.

Ta Rutashobya alivusha abiria miaka arobaini, tangu enzi za injini, na mtumbwi wake aliuchonga mwenyewe. Mshipi wake ulikuwa wa toleo la kwanza, mzito wa kubadilika. Ulipoambiwa ubane, ulichelewa kwa pumzi tatu, na pumzi tatu pale Mlangoni zinatosha. Jiwe la kushoto liliupasua mtumbwi toka puani mpaka katikati. Kwa bahati hakuwa na abiria. Aliogelea, akafika mwaloni akiwa mzima, na wadudu wamejaa kwenye nyusi.

Kemilembe alijua kwamba matoleo ya kwanza yalibaki matano kisiwani. Alijua, akasahau.

Mchana yule mzee alikuja ofisini kwake. Amebadilisha shati, amevaa kofia, mshipi ameukunja vizuri kama nguo ya kanisani. Akauweka mezani kwa mikono miwili.

"Nimekuja kuurudisha, mwanangu."

"Ta Rutashobya, pole sana. Niachie niuangalie..."

"Hapana, waitu, tafadhali. Mshipi wako haukosei, kila mtu anajua hilo. Ni mimi. Niliuhisi umenyamaza, lakini mkono ukaenda kwenye jiwe. Uzee huo. Leo nilikuwa peke yangu, kesho ningekuwa na watoto wa shule." Akavua kofia, akaitazama, akaivaa tena. "Nimekuja kuomba radhi kwa kukuharibia sifa. Matengenezo yako yalikuwa mazuri."

Mzee aliinama kidogo, kama mtu anavyomuaga mkubwa wake, akaondoka, akifuata ukuta wa jengo kwa mkono ingawa macho yake yalikuwa mazima kabisa.

Njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa na urefu wa siku kumi. Alilia pale mezani, kwa sauti, mbele ya mashine zake, kisha akanawa uso na kwenda kumtafuta baba yake.

"Kesho asubuhi nitawaambia," alimwambia. "Nitawaambia nilichofanya mimi. Chako sitakitaja."

Ta Byabato aligeuza uso kuielekea sauti yake. "Watauliza kwa nini."

"Nitanyamaza."

"Hujui kunyamaza. Mama yako naye hakujua," alisema mzee.

*

Walikusanyika mwaloni kabla ya safari za kwanza, makasia mabegani. Kemilembe alipanda kwenye mtumbwi uliopinduliwa chini juu ili waliokuwa nyuma wamwone, na aliwaambia yote kwa mkupuo: ule uzi mmoja, ajali tatu, namna alivyowasogeza kila mtu mahali pake.

"Yaani umetuchezea viunoni siku kumi!" mwanamke mmoja alipaza sauti. Wachache walicheka. Kicheko hicho hakikufika mbali.

"Mimi nimebeba wajawazito na mshipi wako wa uongo!"

"Nani amekupa ruhusa?"

"Hakuna," alisema Kemilembe. "Nilijipa."

Ta Rutashobya alikuwa amekaa pembeni, juu ya mtumbwi wake uliopasuka. Akanyanyua mkono kama mwanafunzi. "Kwa hiyo," aliuliza polepole, "si mimi?"

"Si wewe, Ta. Wewe ulifuata mshipi. Mshipi ndio uliokupeleka kwenye jiwe, na mimi ndiye niliyeutuma. Jana ulipokuja nilijua, na sikukwambia. Nisamehe."

Mzee aliinamisha kichwa, na mabega yake yakaanza kutikisika. Watu hawakujua analia au anacheka. Alipoinua uso, ilikuwa vyote viwili. "Si mimi," aliwaambia waliokuwa karibu naye, mmoja mmoja. "Mmesikia? Si mimi."

"Sawa, lakini kwa nini usituambie?" aliuliza Asimwe. Alikuwa amesimama karibu na maji, mkono bado kifuani. "Sisi ni watoto? Ungesema, 'Jamani, sogeeni kulia,' tungesogea. Ulikuwa unaficha nini?"

Kemilembe alinyamaza. Alinyamaza vizuri kuliko alivyotarajiwa.

Ndipo Ta Byabato alipojitokeza katikati ya watu. Amevaa shati jeupe, anatembea wima, na watu wakampisha kwa ile heshima yenye chuki kidogo wanayopewa wenye maringo. Akasimama mbele ya msichana mmoja, muuza vitumbua, akakunja mikono.

"Asimwe, binti yangu," alisema, "nimekuja kukuomba radhi."

Muuza vitumbua alirudi nyuma kwa hofu.

"Niko huku, Ta," Asimwe alisema kutoka upande wa pili.

Mzee aligeuka, akaifuata sauti. "Basi mmeona," alisema. "Mimi sioni. Miaka miwili mnanipungia, nami napita. Sikuwa naringa."

Mwanamke mmoja alijishika mdomo. Wengine walitazama chini, wakikumbuka waliyoyasema. Asimwe peke yake hakutazama chini.

"Ungeniua."

"Ningekuua."

"Mficha maradhi, Ta, kifo humuumbua."

"Cha kwangu kilitaka kupitia kwako kwanza. Hilo ndilo lisiloniacha nilale. Fundi hana kosa kubwa. Alikuwa anamfichia baba yake." Alifungua mshipi kiunoni, akaunyoosha mbele. "Mimi naushusha. Mtakaloamua, nalikubali."

Hapo pakawa na maneno. Wako waliosema asiyeona hana kazi ziwani, na walikuwa na haki kusema hivyo, maana wana watoto. Wako waliosema damu za zahanati zitachukuliwa na nani, hata kipindi cha kipindupindu alivusha Byabato. Sauti zilipandiana mpaka Ta Rutashobya aliposimama juu ya kipande cha mtumbwi wake.

"Mimi ninayeona nimegonga jiwe," alisema. "Yule asiyeona hajaligonga miaka miwili. Nani ashuke?"

Walicheka kweli safari hii, hata waliokuwa wamenuna.

Asimwe alisubiri wanyamaze. Alikuwa na hasira bado, ilionekana shingoni, lakini alikuwa mtu wa kazi, na mtu wa kazi hutaka kujua kesho atavukaje. "Mstari apewe yeye," alisema. "Anauhitaji. Sisi tukae kulia, kila mtu alenge kilima kama walivyolenga wazee, mshipi ubane Mlangoni tu. Ila kwa sharti. Apige kelele. Avuke akiita jina lake, mwanzo hadi mwisho, aone haya asione haya. Na sisi tuitike."

"Na hawa wadudu?" mtu aliuliza. "Tutawameza!"

"Bora ule wadudu kuliko unywe ziwa," alisema Asimwe.

Akauchukua mshipi kutoka mikononi mwa mzee, na kwa mkono wake mmoja mzima akaanza kumfunga kiunoni. Haukufungika. Kemilembe alishuka akamshikia upande wa pili.

*

Kwenye fomu ya Ofisi, Kemilembe alichora kwa mkono kisanduku cha (c), akaandika: "Usahihi uliozidi mahitaji." Akaeleza yote kwa kurasa nne, la baba yake pia, kwa ruhusa yake. Ofisi ilimjibu kwa barua ya onyo, na chini ya onyo mistari mitatu: mwalo wa Rwazi ujaribu utaratibu huo hadi masika; mshipi wowote utakaobaki kwenye kipimo cha kidole uchunguzwe kila safari; na ukipinda zaidi ya shubiri, fundi aandike sababu.

Mshipi huo ulikuwa mmoja. Kila siku aliuchomeka, na kila siku uzi ulikuwa ule ule.

Wiki ya saba wadudu walipanda tena, wengi kuliko msimu wote. Kemilembe alisimama mwaloni saa mbili ya asubuhi, khanga puani, akisikiliza. Ziwa halikuonekana, lakini lilikuwa na watu. "Rutashobya! Kulia!" sauti nzito ilitoka mahali fulani ndani ya wingu, ya mtu aliyejichongea mtumbwi mpya. "Na mimi hapa, na abiria wanne!" ikajibu nyingine. Mtu alikohoa, akatema, akalaani wadudu na ukoo wao wote, watu wakacheka katika giza lao jeupe. Na katikati, mbali, ikija polepole, ilikuwa sauti anayoijua tangu hajazaliwa.

"Byabato! Mstarini! Byabato! Mstarini!"

Halafu ikanyamaza.

Kemilembe alihesabu pumzi. Kumi. Ishirini. Asingemsikia tena, alijua, na yeye ndiye aliyemfunga mshipi ule kiunoni. Aliingia majini mpaka magotini bila kuvua viatu. Arobaini. Alikuwa anafungua mdomo kumwita, wadudu wawepo au wasiwepo, sauti ilipoanza upya, pale pale, kana kwamba haikukatika.

"Byabato! Mstarini!"

Mtumbwi ulipita kati ya mawe mawili bila kuyagusa. Mzee alishuka, ndevu zimejaa wadudu, akampa mshipi na kuinama kunawa uso. Kemilembe aliuchomeka kwenye kisomeo cha mkononi.

Uzi ulikuwa umenyooka kutoka Kashenyi hadi katikati ya ziwa. Hapo ulipinda. Hatua kumi na nne nzima, ukasimama kidogo, kisha ukarudi. Baada ya safari mia sita na kitu, hilo lilikuwa kombo la kwanza, na kisomeo kililipaka rangi nyekundu na kuuliza sababu.

"Tata, hapa katikati palikuwa na nini?"

"Palikuwa na Asimwe." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Kasia lake la kwanza tangu mkono upone. Nilimsikia anaita, nikajua ni yeye. Nikasogea, nikagusa ubavu wa mtumbwi wake."

"Mdogo ndiye humwendea mkubwa."

"Najua. Ndiyo maana nilimwendea mimi."

"Na mshipi?"

"Mwanangu, ulinifinya!" alisema Ta Byabato, na alisema kwa furaha ya mtu aliyetoka harusini. "Ulinifinya mpaka nikakumbuka nina mbavu."

Alichukua kasha la zahanati, akaanza kupanda mwalo, akiwasalimia kwa majina watu waliokuwa wakimsalimia. Kemilembe alibaki amesimama majini. Kisomeo kilikuwa bado kinasubiri, na chini ya neno "sababu" palikuwa na mstari mmoja mtupu.

Akaandika: "Alikwenda kusalimia."